Senene, Homa na Vimeng'enya: Jinsi Ubongo Unavyojifunza Kukinai Chakula

Chukua mtu wa Masaka, Uganda, aliyekula senene, wale panzi wa kuliwa, jioni moja ya Novemba, msimu umepamba moto. Usiku homa ikampanda, akatapika hadi alfajiri. Kulipokucha akapelekwa kituo cha afya, damu ikapimwa, ikaonekana ni malaria. Mtu huyu anajua kwamba mbu aliyemwambukiza alimuuma siku nyingi kabla ya sahani ile, na senene hawakuhusika hata kidogo. Hata hivyo mwezi mmoja baadaye, akipita sokoni na kukutana na harufu ya senene waliokaangwa kwa kitunguu, mate yanamjaa kinywani na tumbo linamchafuka. Akijilazimisha kula, koo linakataa.

Nyumbani watasema anadeka, au amekuwa mtu wa kuchaguachagua. Si haki. Kilichotokea kichwani mwake ni somo, lilifundishwa kwa kemikali, na lilikamilika bila kumwomba ruhusa. Naandika makala haya kwa sababu hukumu hiyo ya kudeka huwaangukia zaidi wagonjwa, hasa watoto walio kwenye dawa kali, wanaokataa chakula wakati ambao miili yao inakihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Tukielewa vimeng'enya vya ubongo, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemikali, vinafanya nini katika zile saa za ugonjwa, tutawalisha kwa akili zaidi.

Aliyelifungua jambo hili ni John Garcia, Mmarekani mwenye asili ya Hispania, mtoto wa vibarua wa mashambani. Miaka ya 1950 alikuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la majini mjini San Francisco, akichunguza jinsi mionzi inavyodhuru wanyama. Aligundua kwamba panya waliowekwa kwenye chumba cha mionzi walipunguza kunywa maji humo, ilhali katika vizimba vyao walikunywa kama kawaida. Chupa za chumba kile zilikuwa za plastiki na ziliyapa maji ladha yake. Za vizimbani zilikuwa za kioo. Mwaka 1955 yeye na wenzake wakachapisha jaribio lililoondoa shaka: panya waliokunywa maji ya sakarini, matamu ambayo panya huyapenda, kisha wakapigwa mionzi ya gama, waliyakwepa maji hayo baadaye.

Wanasaikolojia wa enzi hizo walikuwa na imani mbili. Ya kwanza, kwamba ili mnyama aunganishe jambo na matokeo yake, ni lazima viwili hivyo vifuatane kwa sekunde chache. Ya pili, kwamba ishara yoyote inaweza kuunganishwa na tokeo lolote. Kinyaa cha chakula kinazivunja zote mbili. Panya anaweza kuugua saa kadhaa baada ya kuonja kitu, na bado akailaumu ladha ile. Tena mwaka 1966 Garcia na Robert Koelling walionyesha kwamba lawama haiendi ovyo. Waliwapa panya maji yenye ladha, na kila panya alipoyalamba, taa iliwaka na mlio ukasikika. Panya waliougua tumbo baadaye waliikwepa ladha. Taa na mlio havikuwashughulisha. Panya waliopigwa shoti ya umeme miguuni walifanya kinyume kabisa. Majarida makubwa yalimrudishia Garcia makala zake kwa miaka, kwa kuwa wasomaji wao hawakuweza kuamini walichokisoma.

Mkulima anayehifadhi mahindi ghalani ameliona hili bila maabara. Sumu ya zinki fosfidi hufanya kazi haraka, na panya aliyeonja kidogo akaumwa bila kufa hakirudii tena chambo kile. Sumu zilizokuja baadaye, zile za kuzuia damu isigande, huua baada ya siku kadhaa, na kwa kuwa maumivu yanachelewa kiasi hicho, panya hayahusishi na alichokula. Panya hana uwezo wa kutapika. Kilichoingia tumboni kimeingia, kwa hiyo kujifunza kukwepa ni kinga kubwa zaidi kwake kuliko ilivyo kwetu.

Sasa turudi kwenye sahani. Yule mtu wa Masaka hakula senene peke yao. Alikuwa na matoke, yaani ndizi za kupikwa, pengine na chai. Kwa nini matoke hayakulaumiwa? Kwa sababu ameyala tangu utotoni bila madhara, na ubongo umekwisha kuyaandika kuwa salama. Senene huja kwa msimu, mwishoni mwa mwaka na tena karibu na Aprili na Mei. Ladha ngeni, au ladha ambayo haijaonjwa muda mrefu, hubeba lawama kwa urahisi kuliko ladha ya kila siku. Kanuni hii imethibitishwa mara nyingi kwa wanyama, na nitaonyesha hapa chini kwamba ina alama yake katika kimeng'enya kimoja.

Kwanza tufuate njia zenyewe. Ladha hutoka ulimini kwa neva hadi shina la ubongo, kisha hupanda hadi sehemu ya gamba la ubongo iliyojificha upande wa ndani wa sikio, iitwayo insula. Huko ndiko ladha hutambuliwa: hii ni chumvi, hii ni tamu, hii sijawahi kuionja. Habari za ugonjwa zina njia mbili. Moja ni neva ya vagasi, inayotoka tumboni na utumboni. Nyingine ni kiungo kidogo katika shina la ubongo ambacho, tofauti na sehemu kubwa ya ubongo, hakina ule ukuta unaozuia vitu vya damuni visipenye; kazi yake ni kuonja damu yenyewe na kupiga kelele ikikuta sumu. Habari hizo hufika pia kwenye amigdala, fundo la seli linalotia uzito wa woga na chuki katika mambo. Ladha na ugonjwa hukutana katika mtandao huu wa shina la ubongo, amigdala na insula. Fikra haihitajiki: panya aliyetiwa usingizi wa dawa baada ya kunywa, akapewa kitu cha kumchafua tumbo akiwa amelala, anaamka akiwa amejifunza.

Hapo ndipo vimeng'enya vinapoingia, na hapo ndipo wengi hupotea njia, kwa hiyo tuende polepole. Aliyesoma biolojia ya sekondari anakumbuka kimeng'enya cha mate kinachoanza kuuvunja wanga wa muhogo kuwa sukari. Ubongo una vimeng'enya vya kazi nyingine. Jamii iitwayo kinasi huchukua kipande kidogo cha fosfeti na kukibandika kwenye protini nyingine. Protini iliyobandikwa hubadilika umbo, na ikibadilika umbo hubadilika kazi: mlango wa seli uliokuwa umefungwa unafunguka, kipokezi kilichokuwa ndani ya seli kinapelekwa juu ya ngozi yake, jeni iliyokuwa kimya inaanza kusomwa. Jamii ya pili, fosfatasi, huondoa fosfeti hizo na kuirudisha protini ilivyokuwa. Seli za neva huzungumza katika viungio viitwavyo sinapsi, na nguvu ya kila sinapsi hutegemea mvutano wa jamii hizi mbili. Kumbukumbu, kwa kadiri sayansi inavyoielewa leo, ni sinapsi fulani kuwa na nguvu kuliko zilivyokuwa jana.

Kimeng'enya cha ugeni ni ERK. Mwaka 1998 kundi la Yadin Dudai katika Taasisi ya Weizmann, Israeli, liliwapa panya kinywaji chenye ladha ambayo hawakuwahi kuionja, kisha likapima kinasi mbalimbali katika insula. ERK iliamka ndani ya nusu saa, na kabla ya saa moja kwisha ilikuwa imetulia tena. Panya waliokwisha kuizoea ladha ile hawakuonyesha mwamko huo. Hii ndiyo tofauti ya senene na matoke katika lugha ya molekuli. Watafiti walipoizuia njia ya ERK kwa dawa iliyodungwa moja kwa moja kwenye insula, kabla tu ya panya kuonja, panya walijifunza kuikwepa ladha kwa muda mfupi, lakini kumbukumbu ya muda mrefu ikawa dhaifu.

Tofauti hiyo ya muda mfupi na muda mrefu inajirudia kila mahali katika utafiti huu, na ndiyo ufunguo wa kuuelewa. Kinasi nyingine, PKA, ilipozuiwa katika amigdala, matokeo yalikuwa ya namna hiyo hiyo: panya alikumbuka kwa muda mfupi baada ya somo, kisha siku zilipopita akasahau. Kumbukumbu ya muda mfupi hutosheka na fosfeti zinazobandikwa kwenye protini zilizopo tayari. Ile ya muda mrefu inataka protini mpya, na ili protini mpya zitengenezwe ni lazima kinasi zifikishe ujumbe hadi kwenye jeni. Mwaka 1993 Kobi Rosenblum, Noam Meiri na Dudai walilithibitisha hilo kwa kudunga kwenye insula dawa iitwayo anisomisini, inayozuia seli kutengeneza protini. Panya walionja, waliugua, na baadaye hawakukumbuka kuchukia.

Breki nayo ipo. Kalsinurini ni fosfatasi, yaani huondoa kile ambacho kinasi zimebandika. Utafiti wa panya wadogo uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kalsinurini hupunguzwa nguvu katika amigdala wakati kinyaa kinapojengwa. Wanyama waliobadilishwa jeni ili kimeng'enya hicho kizuiliwe walijenga kinyaa kikali zaidi, kilichokuwa kigumu kufutika. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa: ubongo hautumii nguvu zote kuandika kila tukio baya, una kizuizi, na ugonjwa wa tumbo hukilegeza kizuizi hicho.

Sasa tufike kwenye swali ambalo limewagawa wataalamu kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Protini hazidumu. Zile za kwenye sinapsi huvunjwa na kutengenezwa upya baada ya siku au wiki. Mtu aliyekinai samaki wa kuchemsha akiwa na miaka minane anaweza kuwa bado hamgusi akiwa na hamsini, ilhali molekuli zilizokuwapo siku alipomkinai zimekwisha kitambo. Francis Crick, mmoja wa waliofumbua umbo la DNA, aliliuliza swali hilo waziwazi mwaka 1984: kumbukumbu inakaaje pale ambapo vitu vilivyoijenga haviwezi kukaa?

Todd Sacktor wa Brooklyn, New York, alipendekeza jibu lake: kimeng'enya kiitwacho PKM-zeta. Kinasi nyingi zina sehemu ya kujizuia, hufanya kazi zikiamshwa na hulala ishara ikiisha. PKM-zeta haina sehemu hiyo. Ikishatengenezwa hufanya kazi bila kungoja ishara, na huvishikilia vipokezi juu ya sinapsi. Mwaka 2007 Sacktor, Dudai na mwanafunzi wake Reut Shema walilijaribu wazo hili kwa kinyaa cha chakula. Panya walifundishwa kuikwepa ladha kwa chumvi ya lithiamu, inayochafua tumbo. Wiki zilipita, kumbukumbu ikawa imekomaa. Kisha watafiti wakadunga kwenye insula kizuizi kiitwacho ZIP, kilichotengenezwa kuipinga PKM-zeta. Kinyaa kikatoweka, na hakikurudi katika wiki zilizofuata. Insula yenyewe haikuharibika, maana panya wale waliweza kufundishwa upya. Mwaka 2011 kundi hilo lilifanya kinyume: walitumia virusi kuongeza PKM-zeta katika insula, na kinyaa cha zamani kikaongezeka nguvu.

Ilionekana kana kwamba kimeng'enya cha kumbukumbu kimepatikana. Kisha mwaka 2013 maabara mbili za Marekani zikachapisha, katika jarida la Nature, habari za panya waliozaliwa bila jeni ya PKM-zeta. Panya hao walijifunza na kukumbuka vizuri. Zaidi ya hapo, ZIP iliendelea kuvuruga sinapsi zao, ingawa kimeng'enya kilichodhaniwa kuzuiwa nayo hakikuwapo. Kwa hiyo ZIP inagusa vitu vingine, na majaribio ya awali hayangeweza kusomwa kwa urahisi ule wa mwanzo. Ninalisisitiza hili kwa sababu habari za sayansi hutufikia mara nyingi zikiwa zimesimama kwenye sura ya kwanza, ile ya dawa inayofuta kumbukumbu.

Kundi la Sacktor lilijibu mwaka 2016. Mnyama asiye na PKM-zeta tangu kuzaliwa, walisema, hutumia kimeng'enya ndugu yake kinachofanana naye, PKC-iota. Ukikizuia hicho ndugu kwa mnyama asiye na PKM-zeta, kumbukumbu inavurugika. Mwaka 2024 wakaongeza kipande kilichokuwa kikikosekana. Protini iitwayo KIBRA hujishikiza kwenye sinapsi zilizoimarishwa na kuikamata PKM-zeta hapo hapo, isitangetange kwenye seli nzima. Ukiutenganisha muungano wa viwili hivi, kumbukumbu ya zamani inapotea. Wazo lao ni kwamba kila molekuli hufa kwa zamu yake lakini muungano unabaki, kama nyumba ya nyasi inayoezuliwa na kuezekwa upya tita moja moja, mwenye nyumba akiwa ndani, hadi hakuna unyasi hata mmoja wa kwanza uliobaki na bado ni nyumba ile ile. Naliona jibu hili kuwa bora kuliko yote yaliyowahi kutolewa kwa swali la Crick, ingawa si kila mtaalamu amekubali, na majaribio hayo yalifanywa kwa panya.

Haya yote yanamhusu vipi mzazi anayeuguza Kampala? Yanamhusu sana. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika, saratani ambayo leo inabeba jina lake. Mwaka 1967 kikaanzishwa hapo Mulago kituo cha kuitibu, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Miongoni mwa dawa zilizookoa maisha ya watoto wengi ni saiklofosfamidi, na dawa hiyo huleta kichefuchefu na kutapika. Mama anayemuuguza mtoto hufanya kile ambacho huruma inamwelekeza: siku ya dawa anamnunulia anachokipenda zaidi, kuku wa kuchoma, au rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, au juisi ambayo nyumbani hainunuliwi. Mtoto anakula kwa furaha. Saa chache baadaye anatapika. Kwa wema wake wote, mama amepeleka chakula chenye ladha adimu na nzuri mbele ya ERK na PKA dakika zile zile zinapotafuta wa kulaumu.

Hili si dhana tupu. Mwaka 1978 Ilene Bernstein wa Seattle alichapisha uchunguzi wa watoto wenye saratani waliopewa aiskrimu yenye ladha isiyo ya kawaida kabla ya dawa inayochafua tumbo. Walipoulizwa wiki kadhaa baadaye kama wanaitaka tena, wengi waliikataa, ilhali wengi wa watoto walioila bila kupewa dawa ya namna hiyo waliitaka. Watoto wengi walijua fika kwamba dawa ndiyo iliyowatapisha. Kujua hakukusaidia. Baadaye yeye na mwenzake Debra Broberg wakaigeuza kanuni hiyo kuwa kinga: mtoto alipokwisha kula mlo wa kawaida, alipewa peremende yenye ladha kali asiyoizoea kabla ya dawa. Lawama ikaiangukia peremende, na mlo ukasalimika zaidi.

Kwa hiyo kuku asubiri. Siku ya dawa mtoto ale kidogo, vyakula alivyovila mara elfu, posho (ugali), uji, matoke, bila kiungo kipya wala zawadi ya pekee. Kama muuguzi anaruhusu, peremende ya tangawizi au nyingine asiyoijua itolewe karibu na muda wa dawa, ibebe lawama. Dawa ya kuzuia kutapika iulizwe mapema, kabla hali haijaharibika. Karamu iwekwe siku ambazo tumbo limetulia. Hayo hayo yanafaa kwa mtu mzima aliye kwenye dawa yoyote inayomchafua tumbo wiki za mwanzo.

Na yule ambaye amekwisha kukinai? Kumlazimisha huongeza kichefuchefu, na kichefuchefu kipya ni somo jipya. Kinachosaidia ni kuonja kidogo kidogo bila ugonjwa kufuata, mara nyingi, kwa siku tofauti. Mwaka 2001 Diego Berman na Dudai walionyesha kwamba hata hapo ubongo haurudi nyuma kwa njia uliyojia. Kukizima kinyaa kulihitaji protini mpya katika insula, kama ilivyokuwa wakati wa kukijenga, lakini hakukuihitaji njia ya ERK. Ni somo la pili linalowekwa juu ya la kwanza, na la kwanza linabaki chini yake. Ndiyo maana mtoto anaweza kumla kuku vizuri kwa wiki mbili, kisha baada ya kipindi kirefu bila kumwonja, au baada ya homa nyingine, akamkataa tena. Hapo mzazi aanze upya na kipande kidogo, siku ambayo tumbo limetulia.